Namba ya Fundi Mfereji

Saa tatu na robo usiku, msikilizaji, na kama uko pwani basi joto hili halikuachi ulale hata ukitaka. Tuketi kidogo. Leo sina mgeni studioni. Niko peke yangu na gilasi ya maji, na nataka nikusimulie habari ya namba moja iliyomo kwenye simu yangu. Nimeihifadhi kwa jina la Fundi Mfereji. Mwenye namba hiyo si fundi, na sidhani kama amewahi kushika spana maishani mwake. Jina nililiweka makusudi, ili mtu akiishika simu yangu asiniulize maswali.

Nianze na feri.

Wewe unayevuka Likoni unalijua lile banda la kusubiri jioni, watu wanavyoshonana, kila mmoja na mfuko wake wa mboga, macho yote kwenye lango. Mimi ni mtu wa Majengo, lakini shangazi yangu yuko ng'ambo, na nimevuka pale tangu nikibebwa mgongoni. Jioni moja, miaka mitatu nyuma, lango lilichelewa kufunguliwa, nami nikiwa katikati ya umati nikasikia moyo unatwanga. Unatwanga hasa, kama mchi kinuni. Vidole vikafa ganzi. Kifua kikabana, pumzi ikawa inaingia nusu na kurudi. Mbele yangu palikuwa na mama aliyebeba samaki kwenye ndoo ya plastiki, changu na tasi, mmoja bado anafumbua mdomo. Nikamtazama yule samaki nikasema moyoni, mwenzangu. Nilikuwa na hakika ninakufa, na kwamba nitafia palepale, lango likifunguliwa watu wanikanyage.

Lango likafunguliwa. Umati ukanibeba hadi ndani ya feri, na tulipotia nanga upande wa pili mambo yalikuwa yametulia, mimi nimelowa kama niliyechovywa baharini. Usiku uleule nikaenda hospitali. Nikabandikwa nyaya kifuani, mashine ikauchora moyo wangu kwenye karatasi, daktari kijana akaisoma ile karatasi kutoka kichwa mpaka mkia, akanitazama.

"Mzee, huna kitu."

Huna kitu! Nikapanga foleni kwa keshia, nikalipa bili ya kuambiwa sina kitu.

Simlaumu sana. Moyo kweli ulikuwa mzima. Ila angeniongezea sentensi mbili tu, kwamba hofu ikipanda mwilini kwa ghafla hufika kilele kwa muda wa dakika kama 10 kisha hushuka yenyewe, na kwamba jambo hili lina jina na lina tiba, ningekwenda zangu nikalala. Badala yake nilirudi nyumbani nikiisubiri ije tena. Ikaja. Ikaja kwenye matatu, ikaja msikitini nikiwa safu ya mbele, ikaja hapa hapa studioni wimbo ukiwa unaenda hewani na mimi nimeshikilia ukingo wa meza hii. Nikaacha kuvuka feri. Kila Ijumaa nikampa shangazi udhuru mpya, mpaka nyudhuru zikaniishia.

Akavuka yeye. Alikuja na kombe kwenye chupa ya soda, maandishi ya zafarani yameshayeyuka ndani, akanisimamia mpaka nikalinywa lote. Kisha akasema, "Mwanangu, hiyo ni wasiwasi."

Hapo nataka tusimame. Neno wasiwasi tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono, kitu kinachokunong'oneza kifuani pasipo wewe kukiona mdomo. Shangazi yangu hajasoma saikolojia, lakini katika watu wote walionitazama mwezi ule yeye ndiye aliyelenga karibu zaidi. Na hilo ni neno moja tu. Tunayo wahaka, tunayo jakamoyo, tunayo kihoro. Tunayo kiherehere, ambacho siku hizi tumekifanya tabia ya mtu mwenye kimbelembele, kumbe asili yake ni mapigo ya moyo yasiyotulia. Mtu mwenye hofu ya jambo linalokuja tunasema yuko tumbo joto, na kila aliyewahi kusubiri matokeo ya mtihani anajua kuwa hiyo si tamathali, ni taarifa. Lugha yenye maneno yote haya haiwezi kuwa ya watu wasioujua ugonjwa. Babu zetu waliujua vizuri. Sisi ndio tumebaki na neno moja, stresi, tunalipaka kila kidonda. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na maradhi ya wasiwasi, kwa hiyo mimi na samaki wangu hatukuwa peke yetu pale bandani.

Ile namba ya Fundi Mfereji nilipewa na fundi mitambo wetu. Hakunihubiria. Aliandika nyuma ya ratiba ya vipindi, akaisukuma karatasi juu ya meza huku anatazama vioo vyake, akasema, "Hawa wanasikiliza." Akarudi kwenye mitambo yake. Mpaka leo hatujawahi kulizungumza.

Nilikaa nayo siku tatu. Sababu moja ilikuwa haya, na haya ya mwanamume wa pwani ni mzigo mzito kuliko jiwe la kusagia. Sababu ya pili ilikuwa ya kijinga, ila nitaieleza kirefu kwa sababu sijasikia ikizungumzwa: nilikuwa sina mahali pa kupigia.

Fikiria nyumba zetu. Ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ukuta haufiki darini. Ukipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anakuombea rehema. Mke yupo, watoto wapo, mama mkwe yupo kwa wiki mbili ambazo zimeingia mwezi wa tatu. Unatoka nje, kuna baraza, na baraza ina wazee watano wasio na kazi nyingine ila kukutazama midomo. Namba za msaada zimebuniwa na watu wenye chumba chenye mlango. Mshauri mmoja, nilipomweleza hilo baadaye, alicheka, akasema amezoea kumtambua mpigaji kwa mahali alipo kabla hajataja tatizo lake. Kuna wa chooni, ambaye hufungua mfereji maji yamwagike ndooni ili wa nje wasisikie. Kuna wa ufukweni, upepo unakula nusu ya maneno. Kuna askari wa usiku, huyo ana utulivu wote wa dunia, ila redio yake inaguruma. Na kuna anayepiga akiwa kwenye matatu, muziki juu kabisa, kwa sababu pale ndipo asipojulikana na mtu.

Mimi mwishowe niligundua kwamba ninafanya kazi katika chumba pekee mtaani kwetu ambacho sauti haitoki. Chumba hiki. Baada ya taarifa ya saa nne nikazima kipaza sauti, nikahakikisha mara mbili kwamba taa nyekundu imezimika, nikapiga. Ilipoita mara mbili nikakata. Nikapiga tena nikakata. Mara ya tatu ikapokelewa kabla sijakata.

Sauti ya mwanamke, si ya kitoto wala ya kizee. Akasema habari za usiku, akataja huduma yao, akasema jina langu la kitambulisho halihitaji, nimpe lolote la kuniitia. Na mimi ninayelipwa kusema, msikilizaji, mimi ninayejaza saa mbili hewani bila karatasi, nikakosa la kusema. Nikasikia anasubiri. Hakusema "haloo, haloo" kama tufanyavyo sisi mtandao ukisumbua. Alisubiri kama mtu aliyekaa mkekani na hana pa kwenda.

Nikasema, "Nina stresi."

"Hiyo stresi inakaa wapi mwilini, kaka?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa. Nikasema kifuani. Nikasema na vidoleni. Nikasema kuna samaki. Akasema, "Kuna samaki," bila kushangaa, kama kwamba kila mtu humwambia habari za samaki, na hapo ndipo nilipoanza kumwaga. Kila nilipofika mahali nikakwama alinirudishia maneno yangu mwenyewe, ya mwisho mawili matatu, na maneno hayo yakinirudia kwa sauti ya mtu mwingine niliyasikia upya. Hiyo ndiyo kazi yao kubwa. Kwa kuisikiliza utadhani ni rahisi. Jaribu wewe kukaa na mtu anayelia kwa dakika 5 bila kumwambia "pole, yatapita, mbona fulani alikuwa na makubwa zaidi."

Katikati akaniuliza swali lililonishtua. Akauliza waziwazi, bila kuzunguka, kama nimewahi kufikiria kujiua. Nikasema hapana, la hasha. Akasema, "Asante, huwa tunamuuliza kila mtu." Baadaye nimejua kwa nini. Sisi tunadhani kulitaja jambo hilo ni kulialika, na utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo hilo. Aliye nalo huona nafuu kwamba hatimaye kuna mtu ameweza kulitamka.

Kabla ya kuagana alinifundisha jambo dogo. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Kisha taja vitu 5 unavyoviona, 4 unavyoweza kuvigusa, 3 unavyovisikia. Nikaona ni mchezo wa chekechea. Akaniambia, kaka, wasiwasi unaishi kwenye dakika ijayo, nawe ukiyataja yaliyo mbele ya macho yako unaurudisha kwenye dakika hii. Tulizungumza dakika 35. Hakunipa dawa, kwa sababu si kazi yake. Hakuniambia niachane na mtu wala nirudiane na mtu. Alinielekeza kliniki ya afya ya akili iliyo karibu nami, akasema hofu za namna yangu hutibika vizuri kwa mazungumzo ya mpango maalumu, na pengine dawa, na kwamba naweza kupiga tena.

Asili ya simu hizi za msaada ni hadithi ambayo kila nikiikumbuka nafurahi. Mwaka 1953, London, kasisi mmoja wa Kianglikana aitwaye Chad Varah alifungua laini ya simu kanisani kwake, St Stephen Walbrook, kwa ajili ya watu waliokata tamaa. Miaka mingi kabla yake, akiwa kasisi kijana, alikuwa amemzika binti mdogo aliyejiua kwa sababu damu yake ya kwanza ya mwezi ilimtisha, akadhani ni maradhi ya aibu, na hakuwa na mtu wa kumuuliza. Varah alikusudia yeye mwenyewe ndiye awe mshauri. Basi wakaja watu wa kujitolea kumsaidia kazi ndogondogo, kupokea wageni, kuwachemshia chai wakati wakisubiri zamu ya kumwona kasisi. Na kasisi akaona ajabu: wengi waliokwisha kunywa chai na kuongea na wale wa kujitolea waliinuka wakaenda zao. Hawakumhitaji tena. Mwaka uliofuata aliwaachia wao kazi ya kusikiliza, na ndivyo Samaritans walivyozaliwa. Kutoka kwao likaja vuguvugu la Befrienders lililosambaa dunia nzima, na hapa Kenya tunao Befrienders Kenya, watu wa kujitolea vilevile.

Hadithi ya pili ni ya jirani zaidi. Harare, Zimbabwe, mwaka 2005, daktari wa akili Dixon Chibanda alikuwa na mgonjwa kijana aliyekaa mbali na mji. Waliafikiana aletwe hospitalini kwake. Hakuletwa, na baada ya muda mama yake akapiga simu kusema binti amejiua. Daktari akauliza kwa nini hawakuja. Jibu lilikuwa dola 15. Nauli ya basi. Chibanda amelisimulia jambo hilo mbele ya watu mara nyingi. Mwaka uliofuata, katika mtaa wa Mbare, akawafundisha bibi 14 kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati, wazungumze juu ya kile Washona wanachokiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Hata sisi tunasema hivyo hivyo: fulani ana mawazo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na mabibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida, na mabenchi ya namna hiyo yamefika hadi Zanzibar.

Nauli. Mimi nauli ya matatu ninayo, na feri kwa mwenye miguu ni bure, lakini kuna nauli nyingine ambayo hata tajiri humshinda, nayo ni macho ya watu. Nani anataka kuonekana anaingia lango la hospitali ya akili ya Mathari? Kule Tanzania ukimtajia mtu Mirembe ya Dodoma umemtukana, na Unguja ukisema fulani kapelekwa Kidongo Chekundu, umemaliza hata posa ya dada yake. Hospitali hizo zinatibu watu kila siku wakapona wakarudi kazini, lakini majina yake tumeyageuza matusi. Simu haina lango. Haina benchi la kusubiria ambapo utakutana na mwalimu wa mwanao. Hiyo ndiyo neema yake, na kwa mwenye kuvuka bahari ni zaidi: dada zetu walioko Riyadh na Muscat, walio kwenye nyumba ambazo hawatoki nje wiki nzima, mara nyingi ile simu chini ya mto ndiyo mlango pekee walio nao.

Chukua kalamu. Nitazisoma pole pole.

Kenya, Msalaba Mwekundu: 1199, haikati pesa. Narudia, moja moja tisa tisa. Befrienders Kenya: 0722 178 177. Kwa watoto, na kwa mtu mzima mwenye habari ya mtoto, 116, bure. Namba hii ya 116 ni ile ile ukiwa Kenya, ukiwa Tanzania, na ukiwa Uganda, na Waganda wameiita Sauti, kwa Kiswahili safi kabisa, sisi tukabaki tunaiita kwa tarakimu. Tanzania bara, Wizara ya Afya ina 199, nayo ni bure, ya mambo yote ya afya, waombe wakuelekeze. Ndugu zangu wa Congo na kwingineko mliohamia Marekani, tangu Julai 2022 namba ya huko ni 988, na unaweza kuomba mkalimani. Sema tu "Swahili", halafu usikate, subiri. Na kama mtu yuko hatarini sasa hivi, ameshaandaa njia ya kujidhuru, basi simu peke yake haitoshi: usimwache peke yake, mpelekeni hospitali iliyo karibu.

Hizi za bure zina raha yake, unapiga hata kama una Okoa Jahazi ambayo hujalipa. Zina karaha yake pia. Wakati mwingine hazipokelewi haraka, hasa usiku, kwa sababu masikio ni machache na vifua ni vingi. Mara yangu ya nne nilipiga mara sita bila kupokelewa. Nilikasirika kama niliyeachwa na basi. Nilipopiga tena alfajiri nilipokelewa na kijana mwenye mafua.

Kuna kitu kingine kilichokuwa kinawafunga watu midomo, nacho ni sheria. Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Fikiria unampigia mtu umweleze jambo ambalo kulitamka, kwa sheria, ni kukiri kosa! Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Bado nakutana na watu wasiojua.

Sasa, intaneti. Vijana wataniuliza, mzee mbona unapiga simu kama wa zama za posta, si kuna programu? Zipo. Unaandika, hakuna anayekusikia chumba cha pili, na kwa tatizo langu la ukuta usiofika darini hiyo si faida ndogo. Mpwa wangu wa kike aliyeko chuo alianza kwa kuandika, kwa sababu alikaa chumba kimoja na wasichana watatu, na mshauri wake akamjibu kwa maandishi mwezi mzima kabla hawajasikilizana sauti. Sina neno juu ya hilo.

Neno langu ni hili: nani yuko upande wa pili, na anapata nini. Marekani, mwaka 2023, kampuni kubwa ya ushauri wa mtandaoni iitwayo BetterHelp ilikubali kulipa dola milioni 7.8, bila kukiri kosa, baada ya tume ya biashara ya serikali kuishtaki kwamba iliwapa Facebook, Snapchat na wengine taarifa za wateja wake kwa ajili ya matangazo. Watu walijaza fomu, tumbo joto, wakijibu kama wamewahi kutibiwa, na majibu yao yakaenda sokoni. Sheria zetu, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, zisichezewe. Vizuri. Lakini sheria haisomi masharti ya programu kwa niaba yako, na wewe pia huyasomi, unabonyeza "nakubali".

Na hapa kwetu kuna biashara ndogo zaidi. Mtu anafungua ukurasa, picha ya jua linachomoza, anajiita kocha wa maisha, anakwambia tuma 1,500 kwa M-Pesa upate kikao. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, na anayefanya kazi hiyo anatakiwa awe amesajiliwa. Muulize namba yake ya usajili. Aliyesajiliwa atakupa na kushukuru umeuliza. Mwingine atakukasirikia, na hasira yake ndiyo jibu.

Na mashine? Siku hizi unaweza kuongea na kompyuta ikakujibu kwa Kiswahili fasaha saa nane za usiku, haichoki wala haina mafua. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alitengeneza programu aliyoiita ELIZA, ambayo ilijua kurudisha maneno ya mtu kama swali tu, haikuelewa lolote. Katibu wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi, aliongea nayo kidogo kisha akamwomba Weizenbaum atoke chumbani. Alitaka faragha na mashine! Weizenbaum alitishika, akaishi akiwaonya watu. Mimi nimemwelewa yule katibu. Alitaka kile nilichokitaka mimi hapa baada ya saa nne, sikio lisilo na undugu naye. Wala sitamcheka anayejaribu. Lakini yule dada aliposema "kuna samaki", kulikuwa na mtu aliyewahi kuona samaki kwenye ndoo akifumbua mdomo.

Nilivuka feri tena baada ya miezi miwili ya kliniki. Nilihesabu mlingoti, kamba, tairi ubavuni mwa feri, chombo cha jeshi kwa mbali na kofia ya mzee mmoja. Moyo ulitwanga, ukachoka, ukaacha. Shangazi alipika wali wa nazi akaniambia kombe limefanya kazi, na mimi sikumbishia.

Ila nilikuwa sijamwambia mke wangu. Alijua nina presha, nilimwambia ni presha, na presha ni ugonjwa wa heshima. Basi Jumamosi moja mwaka jana nilitoka kwenda studioni nikaisahau simu kwenye chaji. Nyuma yangu mfereji wa jikoni ukapasuka. Mke wangu akahangaika na vitambaa, akaikumbuka simu, akatafuta, akaona: Fundi Mfereji. Akapiga.

Nilirudi adhuhuri. Maji yameshatoka jikoni, yamepita ukumbini, yanateremka kizingitini kwenda barazani, na wazee watano wamejikunyata miguu juu wananitazama. Nikavua viatu nikaingia. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya uani, miguu ndani ya maji, kikombe cha chai kimepoa pembeni, simu sikioni. Nikafungua mdomo kuuliza. Akaninyooshea kiganja ninyamaze, akageuza uso ukutani, akaendelea kuongea.